Uzoefu wangu na QEMU na virt-manager: mashine inaganda, sababu inafichwa

Naandika nikiwa na hasira. Kwenye kompyuta ya Linux ya duka moja la vipuri hapa Ngamiani, Tanga, Windows ya mahesabu inaendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi: QEMU na KVM ndizo zinazoiendesha, nawe unaiongoza kwa dirisha la virt-manager. Juzijuzi, mwisho wa mwezi, ankara zikiwa zinaingizwa, dirisha likaganda. Saa ya Windows imesimama, kipanya hakisogei. Virt-manager inaonyesha neno moja tu: Paused. Ukibofya iendelee, inasimama tena papo hapo.

Kinachoudhi ni kwamba sababu inajulikana humo humo! Fungua terminali, andika virsh domblkerror (virsh ni amri ya kuongoza mashine pepe kwa maandishi) na jina la mashine, unajibiwa: sda: no space, yaani diski haina nafasi. Kumbe diski ya kompyuta yenyewe imejaa. Hayo maneno mawili yalishindikana nini kuwekwa dirishani, mwenye duka ayaone?

Maana kimya hicho ndicho kinachowapa watu nafasi ya kuharibu. Fundi aliyeitwa hakuuliza hata swali. Akasema umeme umeunguza diski, tufomati, na mkono wake tayari uko kwenye Force Off, kitufe cha kuizima mashine kwa nguvu. Ndugu zangu, hicho kitufe msikiguse kabisa hali ikiwa hivyo.

Wengi huchanganywa na Windows kwa sababu ndani inaonyesha nafasi tele. Hapa diski pepe ni ya GB 200 na ndani zimetumika GB 70, lakini faili la qcow2, ndilo linalobeba diski pepe hiyo, kule /var/lib/libvirt/images limefika GB 180, kwenye SSD ya GB 240. Qcow2 huvimba kadiri unavyoandika. Ukifuta vitu ndani, lenyewe halinywei. Tena kulikuwa na snapshoti (nakala za hali ya mashine ya wakati fulani) mbili za zamani zilizosahaulika, nazo zinashikilia data iliyokwisha kufutwa.

Mashine iache vile vile ilivyosimama. Hamishia faili za ISO (zile za kusakinishia mifumo) kwenye diski ya nje, endesha sudo apt clean kufuta vifurushi vya programu vilivyopakuliwa, hakikisha kwa df -h kwamba angalau GB 5 zimepatikana, kisha virsh resume. Ankara iliendelea pale pale ilipokatikia, hakuna tarakimu iliyopotea. Na hapo lazima niseme kweli: QEMU ilisimamisha mashine makusudi, ikashikilia maandishi yaliyokuwa njiani, ikayarudia nafasi ilipopatikana. Ingeirushia Windows kosa la diski, hifadhidata ya mahesabu ingeweza kuharibika. Huo ni uhandisi wa watu makini, na ni bure, chanzo huria.

Ili isijirudie, zima Windows kwa utaratibu, futa snapshoti kwa virsh snapshot-delete, halafu kwa virsh edit ongeza discard='unmap' kwenye mstari wa driver wa diski, ili nafasi inayoachwa na Windows irudishwe kwa kompyuta yenyewe. Diski iwe kwenye virtio-scsi, aina ya kiunganishi cha diski pepe. Ukiwasha, ingia PowerShell kama msimamizi: Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim, amri inayotaja nafasi ambayo Windows haiitumii tena. Matokeo yapime kwa du -h, inayoonyesha nafasi ambayo faili inachukua kweli kwenye diski. Amri ya ls -lh itakuonyesha urefu ule ule wa faili, utadhani hakuna kilichofanyika.

Nilikuja na nyota moja mkononi. Sasa natoa nne. Hapana, tatu, mpaka siku ile no space itakapoandikwa kwenye dirisha la virt-manager, pembeni ya lile neno Paused.