Kliniki ya wazee tuliyompeleka mama

Nilimpeleka mama, mwenye umri wa miaka 74, katika kliniki ya wazee ya hospitali moja ya Dar es Salaam, baada ya kupotea njia ya sokoni aliyoizoea tangu ujana wake na kuanza kuuliza kila jioni iwapo marehemu baba amesharudi kutoka kazini.

Daktari alimwamkia shikamoo, akazungumza naye mwenyewe badala ya kumjadili mbele yake, kisha akanihoji mimi kwa muda mrefu kuhusu jinsi hali ilivyoanza, kwa kuwa dimensia, yaani maradhi ya ubongo yanayopoteza kumbukumbu na ufahamu, kwa kawaida huja polepole, ilhali mzee anayechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi au amedhuriwa na dawa. Alimwambia mama achore uso wa saa unaoonyesha saa tano na dakika kumi. Mama alizirundika namba zote upande mmoja, na mimi nikaangalia pembeni. Ndipo zikaagizwa picha ya ubongo na vipimo vya damu vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, maana kasoro hizo hufanana na dimensia nazo hutibika. Hata vidonge vya mafua, klofeniramini, alivyokuwa akimeza kila usiku ili apate usingizi, vilisitishwa kwa sababu huzidisha usahaulifu. Kwa uchunguzi huo pekee naipa kliniki hii alama za juu.

Ilipobainika kuwa ni ugonjwa wa Alzheimer, mojawapo ya aina za dimensia, alianzishiwa dawa ya donepezili miligramu 5, baadaye 10. Tuliambiwa wazi kwamba dawa hiyo haiponyi wala haisimamishi ugonjwa, bali huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Kilichotufaa zaidi nyumbani ni ushauri wa muuguzi: mama akimuulizia baba, tusimkumbushe msiba akalia upya, bali tumwombe atusimulie habari zake. Jioni zetu zimetulia kuliko nilivyotarajia.

Kasoro kubwa ni foleni. Kumkalisha mgonjwa wa namna hii kwenye benchi kwa saa nne ni kumtesa, kwani mama aliinuka mara tatu akitaka kwenda kupika. Tena dawa haikupatikana hospitalini, tukainunua mtaani kwa fedha zetu. Atakayekwenda afike alfajiri, abebe dawa zote za mgonjwa katika mfuko mmoja, na aongozane na ndugu wa pili wa kukaa na mzee wakati yeye anashughulikia karatasi dirishani.