Motere ya 1ZZ-FE ya okazyo (iliyotumika) kwa gari la motere katikati: ukinunua, nunua yote

Anayetaka kujiundia gari jepesi la michezo hapa Lubumbashi, motere (injini) ikae nyuma ya viti na mbele ya magurudumu ya nyuma, huishia mbele ya rundo lile lile: 1ZZ-FE za Toyota, zilizotolewa kwenye Corolla, Allion, Premio na Wish na kupitishwa mpakani Kasumbalesa. Motere ni nzuri. Shida iko katika namna inavyouzwa.

Sifa zake hazina ubishi. Ujazo wa sentimita za ujazo 1794, bloku ya alumini, uzito karibu kilo 100, mnyororo badala ya mkanda wa taiming. Toyota wenyewe waliiweka katikati kwenye MR2 ya 1999, na Lotus wakaifunga kwenye Elise S ya 2006, gari la kilo 860 tu. Ila nguvu za farasi 140 za kwenye karatasi usizipigie hesabu: tuko zaidi ya mita 1200 juu ya bahari, na motere isiyo na tabo hupungukiwa na asilimia 12 hivi kwa hewa nyepesi. Weka 120 na ushei. Kwa gari la kilo 750 zinatosha na kubaki.

Sasa muuzaji akikwambia «kompleti», ana maana ya motere na bwate (sanduku la gia), basi. Na bwate yenyewe, ikiwa imetoka Japani, mara nyingi ni otomatiki. Unayoitaka ni ya mkono, ile ya familia ya C, pamoja na flaiwili na klachi yake. Dai pia shafti zote mbili za magurudumu, kompyuta ya motere, waya zake zisizokatwa, kebo za gia na vishikio vya mpira. Waya zilizokatwa kwa kisu sentimita kumi kutoka kwenye soketi ni sababu tosha ya kuondoka. Utatumia wiki nzima ukizitafuta rangi, na sensa moja ya mshafti wa motere ikikosea motere haiwaki.

Kabla ya kulipa, fungua buji. Iliyolowa oili nyeusi inakuonyesha ugonjwa unaojulikana wa zile za kabla ya 2002: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinakwama, motere inakunywa oili. Kama inaweza kuwashwa pale pale, ipandishe hadi mizunguko 3000, achia, kisha kanyaga tena; moshi wa bluu ukitoka, bei ishuke sana au uiache. Oili inayovuja kwenye kikaza-mnyororo isikutishe, ni oringi tu.

Kwenye kuifunga ndiko wengi wanakoharibu. Motere na bwate zihamishwe nyuma zikiwa zimeelekea vile vile zilivyokuwa kwenye Corolla. Ukizigeuza kisogo ili upate nafasi, utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Usichomelee vishikio hadi gari liwe limekaa kwenye kimo chake cha kutembea, na shafti zisizidi nyuzi 7 hivi kutoka mlalo. Zikipinda zaidi viungio vinapata joto na mpira wake unapasuka mapema. Bwate inakaa kushoto, motere nzito kulia, na kwetu usukani uko kushoto: dereva anasawazisha uzito bila gharama yoyote.

Ukitumia habu za mbele za Corolla kule nyuma, mkono wa tairodi (fimbo ya usukani) lazima ufungwe kwenye fremu kwa fimbo inayoweza kurekebishwa, yenye urefu na mwinamo unaolingana na mkono wa chini. Ukikosea hapo, kila shimo la barabarani litageuza gurudumu la nyuma, na gari litayumba lenyewe. Magurudumu hayo yatazame ndani kidogo, jumla milimita 2 au 3, kamwe yasitazame nje.

Kebo za gia nazo zina hila yake. Kwenye Corolla wenzo wa gia uko nyuma ya bwate. Kwako uko mbele. Ukizileta moja kwa moja, gia ya kwanza inahamia chini na ya pili juu. Ama uzizungushe kwa mduara mpana, ama ugeuze mkono mdogo ulio juu ya bwate.

Upoozaji hausamehe. Radiatere inabaki mbele, mabomba mawili yanapita chini ya sakafu, na kila mahali palipoinuka pawe na skrubu ya kutolea hewa. Mzunguko wa hita usiuzibe hata kama hita hutaki; uunganishe kwa bomba fupi, maana maji yake ndiyo yanayoiamsha thermostati. Kwa kimo chetu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko cha radiatere kilicholegea ni hatari kuliko kinavyoonekana. Kwenye bakuli la oili chomelea vizuizi vya bati, la sivyo konani oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa.

Kwa motere tunaipa nane juu ya kumi. Kwa «kompleti» ya sokoni, nne. Ukipata Corolla ya mkono iliyogongwa nyuma, chukua hiyo: waya ni nzima, na juu yake unapata breki, pedali na usukani, kisha milango na viti unauza.