Yagi ya futi ya chuma kwa mita 2: uzoefu wangu

Kati ya antena zote zisizo za kawaida nilizojaribu kutengeneza, ninayoipendekeza bila kusita ni Yagi (antena inayoelekeza mawimbi upande mmoja) ya bendi ya mita 2, yaani masafa ya redio za ridhaa ya karibu 145 MHz. Ina elementi 3, yaani fito 3, zinazokatwa kutoka kwenye futi ya fundi, ile ya chuma inayojirudisha ndani ya kasha. Mchoro ni wa Joe Leggio wa Marekani, anayejulikana hewani kwa alama ya wito WB2HOL, na umependwa sana na wanaosaka visambaza mawimbi vilivyofichwa. Ukipita nayo kichakani au mlangoni elementi hujikunja, kisha hunyooka zenyewe.

Onyo la kwanza ni la vipimo. Vile vinavyonakiliwa kila mahali vilikokotolewa kwa 146.565 MHz. Wamarekani bendi yao ya mita 2 inafika 148 MHz, ila sisi wa Afrika Mashariki tuko Kanda ya 1 ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa) na yetu inaishia 146. Nilizidisha kila kipimo kwa 1.0108 ili katikati iwe 145 MHz: riflekta (elementi ya nyuma) mm 1062, dairekta (ya mbele) mm 902, na elementi inayolishwa (ya kati, inayoungwa na kebo) vipande 2 vya mm 456, vikiachana mm 25. Toka riflekta hadi elementi inayolishwa ni mm 205, toka hapo hadi dairekta mm 321, yote yakipimwa katikati hadi katikati. Vile vipande 2 vikate mm 465 kwanza, upunguze baadaye, kwa sababu futi iliyokwisha kukatwa hairudi.

Futi yote inayotumika haifiki mita 3, lakini usinunue ya mita 3. Hizo mara nyingi zina upana wa mm 16 na hulegea kila upepo ukipita. Chukua yenye upana wa mm 25. Ndiyo iliyokokotolewa kwenye mchoro, na upana ukibadilika urefu sahihi nao hubadilika. Mhimili ni bomba la PVC la nusu inchi, viungo vya msalaba 2 (kwa riflekta na elementi inayolishwa), kiungo cha T 1 kwa dairekta, na klipu 6 za hosi. Bomba linalotokea nyuma ya riflekta ndilo mshikio. Kaza klipu hadi elementi isicheze, basi. Ukizidisha, plastiki hubonyea na elementi hupinda upande.

Kazi ngumu ni kuchomea risasi (solda). Rangi ya futi haishiki risasi hata kidogo, kwa hiyo ikwangue kwa msasa kwenye ncha za ndani mpaka chuma king'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), kisha tandaza risasi kabla hujaleta waya. Chuma cha kuchomea cha wati 25 hakitoshi, maana ukanda ule hufyonza joto. Tumia wati 60 au zaidi. Na choma kabla hujafunga futi kwenye bomba, la sivyo PVC itayeyuka.

Sasa kile kipini cha waya, ambacho wengi hukiacha wakidhani ni pambo. Ni waya wa shaba wa mm 127 uliokunjwa umbo la U, miguu ikiachana kama mm 19, kila mguu ukichomewa kwenye nusu yake ya elementi, palepale kebo inapoungwa. Riflekta na dairekta zikikaa karibu hushusha ukinzani wa elementi inayolishwa chini kabisa ya omu 50. Elementi hiyo imefupishwa kidogo makusudi ili iwe na tabia ya kapasita, na kipini, ambacho ni koili ndogo, huupandisha ukinzani mpaka ukubaliane na kebo. Kwa sababu hiyo ukipima kwa mita ya omu utaona sifuri, kana kwamba kuna shoti. Hakuna kosa hapo. Mkondo wa betri unapita kwenye kipini, ila kwa MHz 145 mambo ni mengine.

Karibu na kiungo hicho zungusha kebo ya antena, aina ya RG-58, mizunguko michache uifunge kwenye bomba, ili mawimbi yasirudi juu ya ganda la kebo. Bila hivyo SWR (kipimo cha jinsi antena inavyokubaliana na kebo, 1 ikiwa bora kabisa) hubadilika kila unaposhika kebo, na upande wa nyuma wa antena haunyamazi vizuri. Kisha punguza ncha za nje mm 3 kwa mm 3, pande zote mbili sawasawa, ukifuata NanoVNA (kifaa kidogo cha kupimia antena) au mita ya SWR. Ukifika 1.5 acha, nguvu inayorudi hapo ni asilimia 4 tu. Kata ncha ziwe za mviringo kwa mkasi wa bati na uzifunge utepe, maana zinakata ngozi kama wembe.

Katika matumizi, tofauti na antena ya mpira inayokuja na redio ya mkononi ni kubwa mno. Kwa ripita (kituo kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena mbali zaidi) shika elementi zikiwa wima, kwani zikilala unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Kwa Kituo cha Kimataifa cha Anga, 145.800 MHz, zungusha kifundo cha mkono taratibu mpaka sauti isafike. Kwa kuwa kituo kinakwenda kasi, masafa husogea kama kHz 3.5 tu kila upande, hivyo kwa FM huhitaji kuyafuata. Kusikiliza ni jambo moja, kurusha kunadai leseni, ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kwa Tanzania au ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Udhaifu wake upo katika kusaka. Ukikaribia kisambaza mawimbi redio huzidiwa na mawimbi, na kila upande unaonekana sawa. Hapo sogeza masafa kHz 5 hadi 10 pembeni, au iweke redio kifuani ugeuke, mwili ukiwa ngao. Na usiipande juu ya paa moja kwa moja. Chuma huanza kutu kwenye sehemu uliyokwangua msasa, na upepo wa pwani utaikunja usiku kucha. Kwa paa tafuta alumini.