Gemu ama sanduku la mazoezi?

Mwanafunzi wa udaktari hapa Bukavu anayetamani upasuaji wa kamera, ule wa kupitia matundu madogo tumboni, jioni acheze PlayStation ama ashike sanduku la kujifunzia upasuaji huo?

Gemu ina ushahidi wake. Mwaka 2007 James Rosser na wenzake wa New York walichapisha utafiti juu ya madaktari 33: waliowahi kucheza zaidi ya saa 3 kwa wiki walikosea pungufu kwa 37% na kumaliza mazoezi ya upasuaji huo haraka zaidi kwa 27%. Lakini huenda wenye mikono myepesi ndio wanaopenda gemu tangu mwanzo. Utafiti ule hautenganishi hayo mawili.

Sanduku ni karatoni tu, simu ya kupiga picha ndani, taa, na makoleo mawili marefu yanayopitishwa kwenye matundu. Hapo mkono ukienda kulia, ncha inaenda kushoto, na kioo cha simu hakionyeshi kina. Ukivuta uzi wa kushonea kupita kiasi, vidole vinasikia. Gemu, hata ikitetemesha mikono, haijui uzi.

Mimi nachagua sanduku. Umeme ukikatika, simu bado ina chaji! Gemu ibaki ya Jumamosi na marafiki, bila kujidanganya kwamba tunasoma.