Darasa la jioni la Kiingereza mtaani Kondele, Kisumu: wakati ujao timilifu

Kwa yeyote anayetatizwa na wakati ujao timilifu wa Kiingereza, ninalipendekeza darasa hili kwa dhati, kwa sababu mwalimu wake haanzi na kanuni bali na lugha tunayoizungumza. Anayejua kusema "nitakuwa nimefika" tayari analifahamu wazo lenyewe; kinachobaki ni kuzoea umbo la "will have" likifuatwa na kitenzi katika hali timilifu, kama "arrived" au "gone".

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni ile ya vishazi vya wakati. Mwalimu alitumia safari ya basi kutoka Kisumu: "By the time the bus reaches Nakuru, it will have passed Kericho." Kwa kuwa sisi husema "litakapofika", wengi wetu huelekea kuandika "will reach" katika kishazi cha kwanza, ilhali Kiingereza hutaka wakati uliopo hapo. Jambo hili, ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulipita haraka mno, lilifafanuliwa kwa subira na kwa mifano mingi hadi likaeleweka.

Matamshi yalifundishwa vizuri pia, hasa ufupisho wa "I'll have". Chumba ni kidogo, lakini kina mwanga wa kutosha.

Upungufu mmoja ni mzito: mazoezi ya kuandika ni machache, na umbo endelevu, "will have been working", liligusiwa tu, ingawa waombaji kazi hulihitaji wanapoeleza muda wa utumishi wao. Ningependa liongezewe kipindi kizima.