Bodi ya kuwashia taa kwa USB: nunua ile isiyoizima yenyewe

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mtu amenunua bodi (kibao cha kielektroniki kinachopokea amri za kompyuta kwa USB, kama Arduino), ameunga LED, ameandika vijistari vyake vya Python na taa imewaka. Anafunga programu, anaifungua tena, na taa inazimika kabla hajatuma amri yoyote. Muuzaji anamwambia LED ni mbovu, naye ananunua nyengine.

LED haina kosa. Arduino Uno na Nano za kawaida huanza upya kila kompyuta inapofungua mawasiliano nazo. Zimeundwa hivyo makusudi: ishara iitwayo DTR hupita kwenye kapasita ndogo hadi pini ya RESET, ile ya kuianzisha bodi upya, ili upakie programu mpya bila kubonyeza kitufe. Kwa anayepakia programu, hiyo ni raha. Kwa anayetaka taa ikae imewaka ni balaa, maana inazimika, na amri za sekunde moja mbili za mwanzo hupotea kwa kuwa bodi haijaamka. Ndiyo maana sitapoteza muda na kasi ya prosesa wala ukubwa wa kumbukumbu. Kuwasha taa hakutaki mbio.

Chaguo langu la kwanza, na mapenzi yangu siyafichi, ni Raspberry Pi Pico. USB imo ndani ya chipu yenyewe, RP2040, kwa hivyo kompyuta ikifungua mawasiliano ya kawaida bodi haitikisiki. Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukiichomeka, itajitokeza kama flashi. Buruta faili la MicroPython (Python ya bodi ndogo) ndani yake na uanze kazi. Ina LED yake kwenye GP25 (si pini ya 25 ukihesabu pembeni mwa bodi), unaweza kujaribu kabla ya kununua kitu chengine. (Pico W si hivyo, LED yake imeungwa kwenye chipu ya Wi-Fi.) Ukitumia Thonny, programu ya kuandikia Python, utaona programu inasimama inapojiunga na bodi, hilo ni la Thonny, usiisingizie Pico. Ukiunga LED ya nje, weka rezista ya omu 220 au 330. Uliza Pico H, pini zake huja zimeshalehemiwa.

Ya pili ni Arduino Leonardo, au mdogo wake Pro Micro. Chipu yao, ATmega32U4, nayo ina USB ndani, na taa haiguswi. Ila tundu la micro-USB kwenye Pro Micro za bei nafuu hung'oka ukilivuta vibaya.

Uno naiweka ya tatu, kwa kuwa inatibika. Weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND, mguu hasi ukae GND, na uitoe kila unapotaka kupakia programu. Nano za bei ya chini zenye chipu ya CH340 zina ugonjwa ule ule, na kompyuta nyengine huzidai draiva kwanza. Basi.

Sasa wauzaji. Ukipita maduka ya Moi Avenue na Digo Road hapa Mombasa utapata chaja na kava za simu za kila rangi. Ukiuliza bodi unaambiwa subiri, inatoka Nairobi na basi. Mtandaoni picha imewekwa, bei haimo, "njoo inbox." Ukienda inbox unaulizwa kwanza uko wapi. Kwa nini bei ya Nyali isiwe bei ya Likoni? Pico ilipotoka 2021 bei yake rasmi ilikuwa dola 4. Usafiri na ushuru naelewa, lakini kuniuzia bodi ya kuigiza na kuapa ni "original" sielewi.

Kinachoniudhi zaidi ni kebo. Wanakupa ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za data, bodi inapata umeme lakini kompyuta haiioni. Kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, chomeka kebo hiyo kwenye simu yenye tundu linaloingiana nayo na kompyuta ya duka, kisha chagua kuhamisha faili. Faili za simu zisipotokea, jaribu kebo nyengine.

Na anayetaka kuwasha taa ya sebuleni, ile ya stima ya volti 240, atahitaji rilei, yaani swichi inayoendeshwa na bodi, na upande huo wa stima amwachie fundi wa stima.