Skrini nyingi, king'amuzi kimoja: nunua nini ili bao lisishangiliwe mara mbili

Msimu wa soka ukianza, malalamiko ninayoletewa zaidi hayahusu picha mbovu. Mwenye choma mmoja wa Mamboleo, Kisumu, ana skrini sita. Wateja wa mbele wanaruka, "Bao!", huku wa uani bado wanatazama kona ikipigwa. Hao wa uani wamechoka kuambiwa matokeo na ukuta, sasa wanahamia kwa jirani.

Kwa hiyo ukubwa wa skrini na mambo ya 4K siyagusi. Duka lolote la Oginga Odinga Street litakuimbia hayo bure. Uliza hivi kuhusu mtambo wa kuigawa picha ya king'amuzi kwenye skrini zako: unachelewesha picha kwa kiasi gani, na je, unazichelewesha skrini zote sawa? ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walishapima: sauti ikitangulia picha, mtu huanza kugundua kwenye milisekunde 45 tu, ikichelewa, haigunduliki mpaka karibu 125. Ndiyo maana spika zikichomekwa moja kwa moja kwenye king'amuzi, wakati picha bado inazunguka ndani ya masanduku, inaudhi mno. Mtangazaji anapasua koo na mpira bado uko mguuni.

Namba moja kwangu ni HDBaseT, mfumo uliosukumwa na LG, Samsung, Sony na Valens tangu 2010. Picha na sauti hupita pamoja kwenye waya mmoja wa Cat6, ule wa mtandao wa kompyuta, hadi mita 100 kwa 1080p (picha ya Full HD), na ucheleweshaji wake jicho haliuoni. Na mimi ni mtu wa Kramer, kampuni inayotengeneza mitambo hii, sifichi. Bei yao inauma, lakini karatasi zao hutaja umbali wa 1080p na wa 4K kila mmoja kivyake, badala ya namba moja kubwa ya kupendezesha boksi. Ukishaufunga mfumo, weka runinga zote kwenye hali ya gemu ("game mode"), maana runinga zenyewe huchelewesha picha zikiipamba, na kila modeli ina mwendo wake.

Ya pili itakushangaza: moduleta ya koaksi, yaani ya waya kama wa antena. Huigeuza HDMI kuwa chaneli ambayo kila runinga inaitafuta kama chaneli ya kawaida. Inachelewesha, ndiyo, lakini zote kwa karibu kiasi kilekile, basi nyumba nzima inashangilia pamoja. Sharti sauti ya amplifaya uitoe kwenye mojawapo ya runinga. Ukiitoa kwenye king'amuzi, umerudi kulekule.

Kupitisha HDMI kwenye mtandao naiweka ya tatu, kwa hoteli yenye skrini nyingi na fundi wa mtandao anayeeleweka. Vifaa vya bei ya chini hubana picha, na kubana ndiko kuchelewa. Swichi ya mtandao isiyojua kuelekeza multicast (video moja inayotumwa kwa skrini nyingi kwa pamoja) nayo itamwaga video kila mahali hadi eTIMS ya kaunta, ile ya risiti za KRA, ikwame.

Jengo likiwa la pili, ng'ambo ya uwanja, vuta fiber tupu, waya wa nyuzi za kioo. Si ile kebo ya HDMI inayoitwa fiber ilhali ndani ina nyuzi za shaba pia. Kwa radi za Kisumu, Kisii na Kakamega, shaba kati ya majengo mawili ni kuialika ikaribie.

Splita ndogo (kisanduku cha kugawa HDMI moja kuwa kadhaa) na kebo ndefu za HDMI: chumba kimoja, mita kumi, basi. Kurusha mechi kwa programu ya simu: usijaribu.

Sasa hawa wauzaji. Kisumu hadi Nakuru, ukiuliza kuhusu kuchelewa unajibiwa, "Hii ni original, mama." Original ya nini? Halafu unauziwa Cat6 kwa bei ya shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba, na HDBaseT juu ya waya huo huwakawaka na kuzima, hasa ukiwa mrefu. Lawama inaenda kwa mtambo, unarudishwa dukani, na duka halirudishi pesa, linakupa "credit note" ya kununua upuuzi mwingine. Kabla ya kulipia boksi zima la mita 305, omba kipande, menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, lipa. Ukiwa mweupe, mwachie waya wake hapo hapo kaunta.